Sauti Iliyotangulia Gari

Chumba tunachorekodia matangazo Kitale kiko nyuma ya duka la vipuri. Ukutani tumepanga magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na mlangoni tumening'iniza blanketi mbili. Ukiingia na kufunga, mji wote unakatika, honi na wauza viatu na redio za jirani, unabaki na mapigo ya moyo wako. Mteja mmoja kutoka Saboti, aliyekuja kusikiliza tangazo lake la mbegu, alitoka baada ya dakika moja akasema humo ndani ni kama kuzikwa ukiwa macho. Mimi nilikipenda chumba hicho tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka kwenye maisha ambayo kila saa kulikuwa na mtu wa kuniita.

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, muhula ambao mama alikufa. Baba alikuwa ametangulia. Wadogo zangu wawili wa kiume nilibaki nao, na mtoto wa mwisho, msichana ambaye hakuwa ameanza kutembea, alichukuliwa na mama mdogo kule Lugulu, upande wa Bungoma. Nilifua nguo za watu, nikalima vibarua, kisha nikauza mitumba. Kwenye mitumba nilijulikana kwa kelele. Siku moja mwanamume aliyekuwa akipita alisimama, akanisikiliza, akaniuliza kama ningeweza kupiga kelele ile ile mbele ya kipaza sauti. Ndiye bosi wangu hadi leo. Kadi yangu ya kazi inasema mimi ni mtaalamu wa matangazo. Wadogo zangu walipoiona walicheka hadi wakakaa chini.

Tangazo ninalotaka kulisimulia lilikuwa la unga wa uji. Nilirekodi mara mbili, bosi akakataa zote.

"Unauza," akasema. "Mimi nimechoka kuuziwa. Ita watoto, bana. Ita kama mama ameivisha, jua linazama, na watoto bado wako shambani wanacheza."

Nikafunga macho nikaita. "Njooni, watoto wa hapa! Uji umeiva, mnangoja nini? Njooni kabla haujapoa!" Nilipofungua macho, fundi wa sauti, kijana ambaye hapitishi nusu saa bila mzaha, alikuwa ananitazama kupitia kioo bila kucheka.

"Sista, huyo alikuwa nani?"

"Si ni mimi tu."

"Haya," akasema, akageukia mashine yake.

Tulipocheza ile sauti tena, kabla ya neno la kwanza kulisikika vikohozi viwili vidogo, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole. Sikukumbuka kukohoa. Nikamwambia avikate. Akavikata, lakini tangazo likawa kama limesomwa na mtu aliyelala. Akavirudisha, likapata uhai. Alijaribu hivyo mara tatu, na mwisho bosi akasema, "Acheni vikae. Nani amewahi kurudisha unga dukani kwa sababu ya kikohozi?"

Likatoka hivyo, na vikohozi vyake.

Gari letu la matangazo lina spika nne juu ya paa. Siku ya soko linatangaza sabuni, mbegu, mikutano ya injili, chochote. Lakini kazi yake kubwa upande wa Bungoma ni mazishi. Asubuhi likisikika kwa mbali, watu huacha jembe, huzima redio, husimama kusikiliza ni nani na atazikwa lini. Sisi wa ofisini Kitale tulilijua hilo na hatukulifikiria. Tuliweka sauti ya mwanamke anayeita watoto juu ya gari ambalo watu wamezoea likiwaletea majina ya wafu, tukaliambia lipite Lugulu kila siku ya soko.

Wiki ya tatu mama mdogo alinipigia simu. Hakusalimu.

"Uko wapi?"

"Niko kazini, mama. Kuna nini?"

"Niambie ukweli. Ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona dada yangu anapita hapa barabarani na gari la mazishi akiita watoto?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba ni mimi, ni kazi tu, ni unga wa uji.

"Unga nimesikia, mimi si kiziwi," akasema. "Na vile vikohozi? Kila jioni, kabla hajawaita, alikohoa viwili. Vile vile. Nani aliwaambia?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita mama alipokufa. Nilikuwa nimeitwa nyumbani jioni zote hizo, na vikohozi vile nilikuwa nimevisahau kabisa. Hakuna mahali popote sauti ya mama ilipohifadhiwa. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu.

Kisha mama mdogo akasema jambo ambalo ndilo hasa alilopigia simu. Mdogo wangu wa mwisho, yule msichana, alikuwa hafiki shule siku ya soko. Anatoka nyumbani na sare na mkoba, anangoja gari, analifuata. Wiki ile walikuwa wamemtoa katikati ya barabara ya malori ya miwa. Dereva wa lori alipiga honi hadi akachoka, mtoto hasikii, anaangalia spika tu.

"Nani alimwambia ni mama?"

"Ni mimi. Siku ya kwanza nilikuwa nakanda chapati, nikasikia. Nikasema, 'Huyo ni mama yako,' kabla sijajua mdomo wangu umefunguka."

Nilienda moja kwa moja kwa bosi nikamwambia tangazo liondoke.

"Tangazo linafanya kazi," akasema. "Mteja ananisifu hadi naona aibu. Ati sasa unaogopa sauti yako mwenyewe?"

"Naogopa barabara."

Alinitazama. Katika miaka yote sikuwa nimewahi kumwomba kitu. "Liende mara moja ya mwisho," akasema. "Halafu tafuta mtu mwingine wa kuita."

Ile mara ya mwisho mimi ndiye niliyeitaka pia. Kama sauti ingekatika tu, mtoto angeendelea kuingoja kando ya lami hadi lori limpate. Ilibidi aisikie, na aone inatoka wapi.

Siku ya soko niliondoka na gari asubuhi. Dereva akaniacha njia ya kwa mama mdogo, nikamwambia azunguke sokoni kama kawaida, na akiniona nimeinua mkono, asimame na azime mashine. Nikakaa juu ya jiwe kando ya barabara. Miwa pande zote ilikuwa imenipita kimo. Hakukuwa na upepo.

Sauti ilifika kabla ya gari. Nilikuwa nimeisikiliza mara nyingi kwenye vifaa vya masikioni, ndani ya magodoro, nikahesabu maneno na sekunde, lakini sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka mbali, juu ya mashamba, kama sauti za watu zinavyotoka. Vikohozi viwili. Kisha, "Njooni, watoto wa hapa!" Nikajikuta nimesimama. Nimevuka miaka ishirini na mitano, nimelea wadogo zangu wawili hadi mmoja ana kazi yake Moi's Bridge, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuelekea nyumbani, kwenye nyumba ambayo tuliibomoa wenyewe. Upande wa pili wa barabara mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli alivua kofia.

Ndipo mdogo wangu akatokea kwenye kijia, mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Hakuniona. Nilimshika mkono akiwa na mguu mmoja kwenye lami.

"Niache! Atapita!"

"Ni mimi. Anayeita ni mimi, dada yako."

Akaniangalia kama anayetazama mtu mwongo. "Wewe huongei hivyo. Wewe unaongea hivi, hivi unavyoongea sasa."

Nikainua mkono. Gari likasimama, sauti ikakatika katikati ya neno. Dereva akashuka, akaegemea mlango. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko cha chumba chetu cha Kitale.

Nikafunga macho nikaita vile nilivyoita siku ile, tangazo zima. Nilipoyafungua, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Inafanana," akasema polepole. "Lakini hiyo ni ya watu wote. Niite mimi. Kwa jina."

Mama hakuwahi kumwita jina lake akasikia na kuelewa. Nikasema sawa.

Akanipa mgongo, akatazama miwa. Nilijua anachofanya. Nyanya yetu, mama yake mama, alitufundisha sote kwamba ukiitwa na humwoni anayeita, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Ngoja ya tatu. Aliye hai ataita mara ya tatu. Wale wengine, alisema nyanya, pumzi haiwafikishi huko. Mama mdogo alikuwa amemfundisha yeye pia. Na mimi nilitaka nimwite zote tatu, aitike, ageuke, anione, na jambo liishe.

Nikaita jina lake kwa sauti ile. Hakuitika. Mabega yake hayakusogea.

Nikaita mara ya pili. Kimya. Jani la muwa halikutikisika. Nikavuta pumzi ya mara ya tatu.

"Eeh," akasema. "Niko hapa."

Pumzi ikabaki kifuani. "Mbona hukungoja ya tatu?"

"Nimengoja."

"Nimeita mara mbili."

Akageuka. Alikuwa amekunja vidole vya mkono wa kushoto, vile anavyohesabu hesabu zake za shule, na vilivyokunjwa vilikuwa vitatu. "Tatu," akasema. Hakuwa ameogopa. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeitwa, akaitika, akamaliza.

Nikamtazama dereva. Sikuwa nimemuuliza kitu.

"Madam, mimi nilizima mashine," akasema. "Funguo ziko hapa mkononi." Na akaziinua nizione.

Sikumuuliza, wala yeye hajawahi kulitaja jambo hilo tena, ingawa tumesafiri pamoja mara nyingi tangu siku hiyo. Nilimshika mdogo wangu mkono tukatembea kando ya barabara hadi shuleni. Njiani alinihadithia kuhusu mwalimu wake wa hesabu na jogoo wa mama mdogo aliyempiga mchungaji teke. Langoni nikamwambia kwamba kuanzia wiki ijayo gari litakuwa na sauti ya mtu mwingine.

"Sawa," akasema. "Si ameshaniona." Akaingia.

Tangazo jipya lilirekodiwa na mwanamke wa kwaya, sauti nzuri, haina kikohozi. Mteja hakulalamika. Ile rekodi ya zamani niliiweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu nikampa mama mdogo, kwa sababu mtoto aliiomba na sikuona haki ya kumnyima. Inakaa kwenye mkebe wa majani ya chai. Siku ya soko gari hupita, na yeye yuko darasani. Jumapili, wakitoka kanisani, mama mdogo humchezea mara moja, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Ananiambia mtoto huisikiliza akiwa ameketi, mpaka mwisho, kisha huinuka kwenda kuosha kikombe chake. Haitiki.