Kupiga Mbao Pasi

Katika miaka ya sabini, mpaka wa Kenya na Uganda ulipokuwa mgumu kuvuka, mvule kutoka upande wa Uganda uliadimika. Sisi maseremala wa Malaba tukabaki na paini, iliyoletwa kwa malori kutoka nyanda za juu ikiwa bado mbichi. Wateja waliidharau. "Hiyo ni mbao ya masanduku," walisema.

Mimi niliipenda. Ni nyepesi, randa hupita juu yake bila kugombana nayo, na msumari huingia bila kuipasua mradi usikaribie mno ncha ya ubao. Lakini ni laini. Ukiikandamiza kwa ukucha, alama hubaki. Ukiitumia kabla haijakauka, itajipinda. Ndiyo maana nilizipanga mbao kivulini na kuweka vijiti katikati ili upepo upite. Kama ndiyo kwanza unaanza ufundi, usione aibu kungoja. Kungoja huko nako ni kazi.

Mama mmoja, fundi wa cherehani, aliniagiza meza ya kukatia nguo. Kanisa lilikuwa limempa kazi ya kushona magauni meupe ya wasichana wa komunio ya kwanza, na angeyapiga pasi juu ya meza hiyohiyo. Alipokuja kuiona, aliweka kidole kwenye kifundo kimoja cha ubao, pale tawi lilipokuwa limeota. Kikanata.

"Fundi, mbao yako inatoka jasho. Gauni likipata doa, wazazi nitawaambia nini?"

"Niletee pasi yako, mama."

Akaileta, imejaa makaa. Nilitandika karatasi ya kaki juu ya kila kifundo, nikakandamiza. Joto huyeyusha utomvu ulio ndani, na karatasi huunywa. Ikilowa, unaweka nyingine. Mwishoni unafuta kwa kitambaa chenye tapentaini.

Alinitazama, mikono kiunoni. "Sasa unaipiga mbao pasi. Itavaa kwenda wapi?"

"Inaenda komunio."

Alicheka, lakini hakuridhika. Alifungua kitambaa cheupe alichojifunga kichwani, akakitandaza mezani na kupitisha pasi mwenyewe, polepole, kifundo baada ya kifundo. Alipoinua kitambaa, kilikuwa safi kote isipokuwa pembeni: doa la manjano, dogo kama punje ya mtama.

"Umeona?" akasema.

Nilikuwa nimeona. Kuna vifundo ambavyo pasi haitoshi. Nikashika patasi, nikakichimba kizima kifundo kilichoacha doa, nikaziba tundu kwa kipande kikavu cha paini ileile, nikapiga randa hadi kiungo kikapotea chini ya vidole. Akatandaza kitambaa tena, upande uliobaki safi, akakandamiza pasi na kuiacha pale kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Hakikushika kitu.

"Haya, ibebe," akasema.

Jumapili ya komunio wasichana walipita mbele ya karakana yangu, magauni yao meupe kabisa. Yeye alikuwa nyuma yao, amejifunga kitambaa kilekile, doa amelikunja ndani.