Siku Niliyompigia Farasi Mluzi

Jamani, nichekeni mpaka mchoke, maana huku ughaibuni, hapa Bladensburg, hakuna Mtanzania ambaye hajalisikia hili, basi heri mlisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Kazi yangu ni kukinga mkojo wa farasi wa mashindano (ndiyo, mkojo, na mtu analipwa!). Farasi akimaliza mbio analetwa kwenye banda la vipimo, unasimama naye na kikombe kwenye fimbo ndefu, unampigia mluzi mpaka akojoe, ndivyo walivyozoeshwa, kisha daktari anapeleka mkojo ukapimwe kama una dawa zilizokatazwa. Njeri, Mkenya tunayesali naye, mtunza farasi palepale, ndiye aliyenitafutia nafasi, akamwapia daktari kwamba mimi ni mtu wa kuaminika, na siku ile ilikuwa ya majaribio: nikiharibu, kazi sina, na Njeri kaumbuka.

Sasa siku za kutoka huwa simezi kile kidonge changu cha presha kinachokimbiza mkojo mpaka nirudi nyumbani, ila miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii, nikajisemea, kidonge kimoja kitanifanya nini? Nikameza, nikatoka.

Akaletwa farasi mwekundu, jasho linamchuruzika, Njeri kamshika hatamu. Nikaanza mluzi. Mimi, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinifinya nikipiga mluzi, leo nampigia farasi mbele ya mwenye farasi aliyevaa suti! Farasi ananitazama tu. Fiii, fiii, na haki ya Mungu, kibofu kilichokuwa kinaitika si cha farasi.

"Huyu atachelewa," Njeri akasema. "Kabla ya mbio alidungwa dawa ya kukimbiza mkojo kama hiyo yako ya presha, inaruhusiwa, ili mapafu yasivuje damu, akakojoa yote. Lakini Mama Upendo, mbona unacheza? Umebanwa? Sema tuite mtu akushikie fimbo, hakuna noma."

"Niko sawa!" nikajibu, miguu nimeipishanisha kama mkasi.

Nikapiga mluzi tena, farasi akatanua miguu, nikasogeza kikombe, na ule mlio wa maji, mama yangu weee! Tukakojoa wote wawili, yeye kikombeni, mimi kwenye suruali, na fimbo sikuitikisa hata kidogo.

Daktari akapokea kikombe, akaitazama suruali. "Mkojo wake umekurukia?"

"Ndiyo, daktari," nikadakia.

"Basi mkojo umegonga nguo zako ukarudi kikombeni. Haufai, tunaumwaga. Na nitaandika kwamba mkingaji ameharibu."

Njeri akainamisha uso. Sikuweza kuvumilia.

"Daktari, usimwage! Wa kikombeni ni wa farasi. Huu mwingine ni wangu."

Mwenye farasi akaangua kicheko mpaka akashika ukuta, Njeri akachuchumaa na hatamu mkononi, na daktari, machozi yakimtoka, akanisogezea fomu: niandike hivyohivyo, nitie sahihi. Nikaandika, suruali ikichuruzika.

Kazi nimepata, na nimeapa nikibanwa nasema, hata ibada iwe katikati. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza: wala hakauki.