Ukuta Wangu wa Mutakura

Ukiona gari Bujumbura lililopondwa ubavu likarudi barabarani linang'aa kuliko lilipotoka kiwandani, jua limepita mikononi mwangu. Shule niliiacha mapema, nikaingia Buyenzi, mtaa wa mafundi, kusugua mabati kwa msasa, na leo wenye diploma wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri niwaambie lini watapata magari yao. Rangi nachanganya mwenyewe, kwa jicho. Nionyeshe rangi yangu katikati ya nyingine mia, nitaikuta.

Kwa rangi hiyo nilijenga nyumba ya Mutakura, kaskazini mwa mji. Kwa rangi hiyo nilimlea mdogo wangu, tumbo moja, baba alipotutoka. Nilimsomesha mpaka anaongea Kifaransa kama mtu wa wizarani, nikamwoza mke, nikapika pilau mtaa mzima ukala ukabakiza. Lakini kazi ya ofisi hakuipata, akawa komisioneri. Unawajua. Wanakaa pembeni ya barabara na simu zao, ukitafuta nyumba au kiwanja wanakupeleka, na wao wanakula katikati. Hawana ofisi, wana mdomo. Wa kwake ulikuwa mtamu kuliko wa wote.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, mzee mwenye kiwanja cha garaji yangu aliniita pembeni.

"Nauza," aliniambia. "We ni wa kwanza, maana umekaa hapa tangu una nywele nyeusi. Lakini watoto wangu wananisukuma. Nakusubiri mpaka Idi ipite, basi."

Garaji ile ndiyo mimi. Ukining'oa pale, umening'oa Buyenzi. Njia ilikuwa moja tu: niuze nyumba ya Mutakura, ambayo sikai, napangisha tu, ninunue kiwanja.

Nyumbani hakuna aliyeuliza nani atauza. "Si mdogo wako?" alisema mke wangu, kama mtu anayesema jua linatoka huku. Lakini mimi nilikumbuka. Mpangaji wa kwanza aliyemleta kwenye nyumba ile alikuwa rafiki yake, akahama na vitasa vya milango. Wa pili alitajiwa bei moja, mimi nikatajiwa nyingine. Nilinyamaza, damu ni damu. Ila safari hii ilikuwa garaji, na garaji sichezei.

Nikapanda mjini, kwenye ajansi, ofisi ya kuuzia watu nyumba. Nilimkuta madamu mmoja aliyeisomea kazi hiyo, mtu wa maneno machache. Alikuja Mutakura akapima kiwanja, akaenda kuhakikisha hati zangu kwa wakubwa wa ardhi, na bei aliyonitajia haikuwa ya kunifurahisha. Nikajua huyu hanidanganyi. Kisha akauliza:

"Muzee, kuna ndugu anayeweza kusimama aseme ana haki hapa? Nasikia mama yenu aliishi humu."

"Mama aliishi humu kama malkia wangu. Hakuweka tofali."

"Naamini. Lakini waite ndugu zako kwanza, mukae, waseme mbele ya watu kwamba hawadai kitu. Hati unazo, lakini ndugu akikasirika hasomi hati."

Nilicheka. "Madamu, mi ndiye baba yao. Baba aombe ruhusa kwa watoto?"

Hakucheka. Alifunga kalamu yake.

Mdogo wangu nilimwambia mwenyewe, mchana, pale kwenye pembe yao ya makomisioneri. Sikumficha. Nikasema nyumba nimempa mtu wa ofisi, mwenye vyeti vya kazi hiyo. Wenzake wakatazama chini. Halafu mmoja akashindwa kujizuia:

"Eh! Komisioneri amekimbiwa na nyumba ya kwao! Sasa sisi tutakupa ya nani?"

Wakaangua kicheko. Yeye pia alicheka, meno yote nje.

"Apana shida, mukubwa," akasema. "We ndo mwenye nyumba. Mi nani?"

Siku hiyo hiyo alikuja kufuturu kwangu. Alikula mpaka akalegeza mkanda, akawaombea wanangu dua. Nikasema moyoni, nilimlea vizuri.

Madamu alileta mnunuzi, mfanyakazi wa serikali anayekaa Musaga, ambaye mke wake anauza vitambaa huku kaskazini, karibu na Mutakura. Walipenda tangi la maji, walipenda kibaraza mbele ya mlango. Bei tukaelewana. Ikabaki siku moja tu ya kuja wote wawili, mke aione kwa mara ya mwisho, kisha twende kutia saini.

Asubuhi ile tulifika pamoja. Mimi nilikuwa mbele na madamu, nimevaa kanzu nyeupe.

Ukuta wa mbele wote ulikuwa umeandikwa. Herufi za urefu wa mtoto, juu kwa Kirundi, chini kwa Kifaransa: nyumba hii haiuzwi.

Mtu wa mji huu hahitaji kuelezwa. Maneno hayo huandikwa pale warithi wanapogombana, au tapeli anapouza nyumba ya watu. Ukiyaona, hata geti huligusi. Yule mwanaume alisimama, mke wake akamvuta mkono wa koti. Aliniaga kwa heshima zote, na heshima ile iliniuma kuliko tusi. Mtu anamheshimu hivyo aliyefiwa.

Mimi nilikuwa natazama rangi. Ilikuwa buluu yenye kijani kidogo na tone la nyeusi. Nilikuwa nimeichanganya kwa ajili ya basi dogo la mteja mmoja, na nusu ya kopo ilibaki kwenye rafu yangu. Hakuna duka linaloiuza. Na jana yake mdogo wangu alipita garaji, kunisalimia, kaniletea hata tende.

Kifaransa kile hakikuwa na kosa. Kifaransa kile nilikilipia mimi.

Madamu hakuniambia "nilikuonya". Alisema tu, "Waite ndugu zako." Safari hii niliita. Alikuja nyumbakumi, kiongozi wetu mdogo wa mtaa, akaja shangazi, wakaja majirani. Tukakaa uani kwangu Mutakura baada ya futari, nikatoa kreti za Fanta. Mdogo wangu aliingia wa mwisho, kanzu imepigwa pasi, akaanza kushika mikono ya watu wote.

"Mi sijaandika kitu," alisema.

"Rangi ni yangu!" nikapaza sauti. "Naijua kama naijua sura yako!"

Akanigeukia taratibu. "Mukubwa, si we unatuambiaka kila siku rangi yako iko kwenye gari zote za Buyenzi? Basi muulize kila mutu wa Buyenzi."

Watu wakacheka. Shangazi yangu, ambaye nilimpeleka hospitali kwa gari langu, naye alicheka akiziba mdomo na mtandio.

Nyumbakumi akanyoosha mkono. "Tuache rangi. We kijana, sema hapa tusikie. Una haki kwenye nyumba hii, ama huna?"

Aliizungusha chupa mkononi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na garaji yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye ulimi wake. Alijua. Alinitazama machoni, mtoto niliyembeba mgongoni.

"Mi nasema tu mama alifia mule ndani," akasema. "Mengine namwachia Mungu."

Akanywa Fanta yangu mpaka chini.

Nje getini madamu aliniambia, "Muzee, kwa neno lile siwezi kumwita tena mununuzi. Nitakuwa nimemuuzia ugomvi." Nilitaka kumfokea. Komisioneri angepaka chokaa usiku na kesho yake akaleta mtu asiyejua. Lakini si nilimchagua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hadanganyi? Nikamfungulia mlango wa gari.

Idi ilipita. Mzee alikuwa mwaminifu, alisubiri mpaka siku ile, kisha akamuuzia mtu anayejenga ghorofa ya maduka. Nilibeba kompresa yangu na benchi langu, nikahamia uani Mutakura. Wateja wangu wananifuata mpaka huku, maana fundi kama mimi hawampati, ila wanafika wakilalamika mwendo.

Siku ya Idi yenyewe mdogo wangu alikuja na watoto wake. "Idi mubaraka, mukubwa." Watoto niliwapa peremende. Yeye nilimpa mkono, nikauondoa mapema.

Kesho yake nilipaka ukuta rangi nyeupe. Ulipokauka, buluu ikajitokeza. Nikapaka tena, ikajitokeza tena, hafifu, lakini inasomeka. Nilichanganya rangi ile ishike kwenye bati, mvua na jua visiitoe; ukutani itatoka kwa kukwangua plasta tu. Patasi ninayo. Sijaanza.

Wapita njia husimama wakiuliza, "Muzee, ni kweli haiuzwi?"

"Haiuzwi," nawajibu, na naendelea kusugua bati.