Nusu ya Ukurasa Isiyolimwa

Mwaka ule watu wa kijiji cha Daudi walipoambiwa kwamba sasa wao ni wa Mkoa wa Manyara, mzee Tluway alikuwa na jambo moja tu kichwani: daftari la mjukuu wake, Fabiola wa darasa la saba. Kusoma hajui. Lakini macho anayo, na macho yalimwambia anadanganywa.

Kila ukurasa, nusu ya kushoto ilikuwa nyeupe. Kulia, maneno machache, mshale, kisha mstari umerukwa. Daftari la mjukuu wa Bura, jirani yake, lilijaa mpaka pembeni. Daudi ardhi ni finyu. Hata ukingo wa njia hupandwa maharage. Anayeacha nusu ya shamba bila jembe ni mvivu, au siku nzima yuko kwingine.

"Darasani unaingia kweli?"

"Naingia, babu."

"Mbona hulimi mpaka mwisho?"

Fabiola akacheka. Kicheko kile hakikumpendeza mzee.

Aliyekuwa akimsimamia mtoto huyu ni Marieta, mke wa Tluway. Marieta alizikwa kabla ya mavuno. Tangu hapo nyumba ilinyamaza.

Efrazia, dada yake Tluway, mwenye kibanda cha mitumba mjini Katesh, alikwisha kusema: "Nipe msichana aniuzie nguo. Huko shule anapoteza muda tu."

"Njoo Jumamosi," Tluway alimjibu. "Kama ananidanganya, utamchukua."

Fabiola alisikia. Siku ile hakula.

Alhamisi mzee akashika fimbo yake, akaenda shuleni bila kumwambia mtu.

"Shikamoo mzee," alisema mwalimu Idd, kijana aliyeletwa kutoka Tabora. "Kuna tatizo?"

"Marahaba. Sijui bado. Nataka kukaa."

Akakaa dawati la nyuma, magoti juu. Watoto wakanong'ona: "Babu karudia darasa!"

Somo lilikuwa jinsi udongo unavyohama milimani. Mjukuu wa Bura aliandika bila kuinua uso. Mwalimu akikohoa, naye kalamu inakwenda. Fabiola alikuwa ameweka kalamu mezani. Anamtazama mwalimu tu. Kisha maneno mawili. Kisha anatazama tena. Nimekukamata, mzee akasema moyoni.

Jioni, ng'ombe wakiwa zizini, alilichukua daftari akalikalia.

"Haya. Mwalimu alisema nini?"

"Babu, si ulikuwepo?"

"Ndiyo maana nauliza. Ukiongeza chumvi nitajua."

Fabiola akafumba macho. Akaeleza mvua inavyopiga udongo mtupu, matuta yanavyokata mteremko, mizizi inavyoshika. Alisema kwa maneno yake, akataja na korongo lililo nyuma ya zizi lao, ambalo mwalimu hakulijua. Tluway alivizia kosa kama paka kwenye tundu la panya. Likaja.

"Umeacha majani makavu. Alisema yatandazwe shambani."

"Kweli! Nipe daftari, babu." Akaandika kwenye ile nusu nyeupe. "Huku naweka nilichosahau, na swali la kumuuliza mwalimu kesho. Nikijaza pote nitayaweka wapi? Na nikiandika kila neno, nitasikiliza saa ngapi?"

"Nani kakufundisha?"

"Bibi. Alisema ukitumwa ujumbe, shika yale makubwa, mengine yatakufuata njiani."

Mzee akageukia njia. Mtoto mjanja anajua pa kugusa.

Mjukuu wa Bura alikuwa akipita na ndoo ya maji. Tluway akamwita. "Wewe, leo mwalimu alisema nini?"

"Ngoja nikalete daftari, babu."

"Sikuulizi daftari. Nakuuliza wewe."

Mvulana akakuna kichwa, akatazama ndoo yake.

Jumamosi Efrazia akafika na mfuko mtupu wa kubebea nguo za msichana.

"Yuko wapi?"

"Anasoma."

"Kumbe hakudanganyi?"

"Sijui. Bado namchunguza. Nitakwenda tena Alhamisi."

"Sasa mimi nimetoka Katesh bure?"

"Kunywa chai," alisema Tluway. "Basi lako linaondoka saa nane."