Mjomba Kabla ya Kuwa Baba

Mjomba wangu, kaka pekee wa mama, alizikwa Matambarale mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu wakiwa katikati ya kuvuna ufuta. Mimi nilikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinakaa sawasawa, naishi Nambambo na kulima kipande cha shamba alichonipa mama. Baada ya arobaini wazee wa ukoo waliniita. Mama hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, wakasema, kwa hiyo kuanzia siku ile mjomba ni mimi. Kwetu mtoto ana baba yake na anampenda, lakini mambo ya jando, unyago na ndoa mwenye neno ni mjomba. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Chinongwe na nyumba yake ilijaa watoto. Nilipotoka kwenye kile kikao, hata mama alikuwa ameanza kuniita mjomba.

Mwaka ule nilikuwa nimefyatua tofali. Kulikuwa na msichana wa pale Nambambo tuliyekubaliana naye kuoana, na kilichobaki ilikuwa kupanga tanuri, kuchoma, na kusimamisha nyumba kabla ya mvua. Kabla sijakata kuni, dada akatuma watu: mwanawe wa kwanza wa kiume ameshafika umri, wenzake wanaingia jandoni kiangazi hichohicho. Nikapanda baiskeli hadi Chinongwe. Nilimtafuta ngariba, nikasaidia kujenga kibanda cha porini, nikakaa huko na wanaume wenye mvi tukiwapikia uji wari, ndivyo wanavyoitwa watoto wakiwa jandoni, mpaka vidonda vyao vikapona. Niliporudi nyumbani mawingu yalikuwa yameshajikusanya. Tofali zangu zilinyeshewa mbichi, zikarudi kuwa udongo palepale nilipozifyatulia.

Nilifyatua nyingine mwaka uliofuata. Safari hii dada alikuwa anaumwa, na mumewe akaja kuniambia kwa upole kwamba watoto wanamwulizia mjomba. Nikaenda kuwalimia. Mwaka mwingine alikuwa mama, magoti yake yamekataa. Yule msichana hakunigombeza hata mara moja. Alikuja shambani nikiwa napalilia mikorosho, akasimama pembeni na jembe lake begani.

"Nimekusubiri mpaka nimechoka," alisema. "Na nikikutazama naona wewe umechoka kunishinda."

Aliolewa Ruangwa mjini, na nilisikia mumewe ni mtu mwema.

Haukupita muda, binti mkubwa wa dada akapata mchumba. Wageni walipofika Chinongwe, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nimevaa koti la marehemu mjomba, mabega yakinipwaya. Mzee wao alisalimia kila mtu, akauliza kama mjomba wa binti yuko njiani. Nikasema ni mimi. Akanitazama, akauliza nina watoto wangapi. Nikasema bado sijaoa. Dada akaingia na maji ya kunawa, akasema mbele ya wote kwamba wanawe wana mjomba mmoja tu na ndiye huyo. Mazungumzo yakaendelea. Jioni ile, kama ilivyo desturi, nilimweka yule kijana mchumba faraghani nikamfundisha kuishi na mke: asilale na hasira, asimsimange mbele ya wakwe. Alinisikiliza kwa adabu, akaitikia kila neno. Kesho yake nilirudi Nambambo nikajisongea ugali wangu.

Nilioa miaka ya elfu mbili imeshaanza. Mke wangu ni Mmakonde, wazazi wake walitoka Msumbiji. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanaitwa babu, mimi nakimbiza mtoto anayetambaa. Kila jambo lilinifikia mwili ukiwa umeshaanza kuomba kupumzika. Mtoto akilia, nilimbeba nikizunguka uani, kiuno kinaniuma, nikijiambia kwamba kazi hii nilipaswa kuifanya zamani, nilipokuwa na nguvu na nilipoitaka.

Mwanangu alipofika umri wa jando, niliona angalau hili nalijua. Nilikuwa nimeshapeleka wana wa dada wote. Lakini ukoo wa mke wangu nao hufuata upande wa mama, na asubuhi moja akafika shemeji yangu, kijana mwembamba mwenye simu shingoni, akasema amekuja kumchukua mwari wake. Nilimwangalia mke wangu.

"Ni mjomba wake," alisema taratibu. "Wewe unajua."

Nilijua. Nilimwambia shemeji akae ale kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi. Aliniambia mikorosho yake bado haijapulizwa dawa na ukungu umeanza kushika maua. Nikamwambia arudi akapulize, mtoto nitampeleka mimi kwa niaba yake. Alifikiri sana, kijiko kikiwa mkononi.

"Wazee watauliza niko wapi, shemeji," alisema. "Wacha tu niende naye."

Wakaenda. Nilitandika mkeka nikajilaza, maana hakuna aliyekuwa ananisubiri popote. Usingizi haukuja. Nikachukua panga nikaenda kufyeka shamba ambalo lingeweza kungoja.

Siku wari walipotoka porini ilikuwa ngoma kubwa. Watu walimzunguka shemeji, wakamfunga kitambaa shingoni, wanawake wakampigia vigelegele. Mimi nilielekezwa upande wa akina baba. Katika ngoma zote nilizohudhuria sikuwahi kusimama upande ule, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilimwuliza baba aliyekuwa karibu yangu sisi tunatakiwa kufanya nini.

Alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi.

"Sisi hapa ni kukaa tu," alisema.

Nikakaa.