Moshi wa Shekhan

Khairiya, binti wa ami yangu, aliolewa Lamu, mtaa wa Wiyoni, na Shekhan mchoma chokaa, na sisi watu wa Faza tukasema kapata. Kweli alipata. Miaka ile ya hamsini mabwana wa Mkomani, mtaa wa matajiri wa Lamu, walikuwa wakizitengeneza upya nyumba zao za mawe, na kila ukuta ulitaka chokaa. Shekhan alipanga magogo, akarundika matumbawe juu yake, akawasha. Tanuri lilifuka siku kadhaa mfululizo, na kabla halijapoa, jingine lishapangwa. Nyumbani mwao ikaingia saa ya ukutani, kisha redio ya betri, kisha Khairiya akavishwa kidani cha dhahabu.

Kidani hicho alikivaa juu ya kifua kisichopata pumzi. Nilikwenda kumtazama nikamkuta analala ameketi, kaegemea mito, maana akijinyoosha tu pumu inamkaba. Madirisha yalifungwa mchana kutwa na moshi ukaingia vivyo hivyo. Hata maji ya mtungini yalinuka moshi. Shekhan akamwambia avumilie, akishapata nyumba ya ghorofa Mkomani atampandisha juu kwenye hewa safi. Nikamuuliza hiyo ghorofa itatoka wapi kama si kwenye moshi mwingine. Akacheka, akanimiminia kahawa.

Mwishowe Khairiya alirudi kwao Faza, na kidani akakiacha huko huko. Baba yake, Ami Famau, alimtukana mkwewe barazani na kila mtu akasikia: mwanamume gani huyu, anambanika mkewe kama samaki.

Shekhan alimpenda mkewe, hilo simnyimi. Haukupita muda akauza vyombo, akaliacha tanuri, akamfuata. Faza hakuwa na kazi. Alisaidia kulima mashamba ya watu, akashona nyavu za watu, tena vibaya. Siku nyingi walikula wali mtupu. Lakini asubuhi moja Khairiya aliniita kwa furaha kama mtu aliyejifungua salama.

"Batuli, usiku nimelala nimejinyoosha."

Sikuwahi kumwona na raha ile, hata siku ya harusi yake.

Raha yao iliwakera watu. Barazani walimtania Shekhan kuwa yeye ndiye aliyekuja kuolewa. Ami akawa ananuna kila akimwona mkwewe ananawa mikono kusogelea sinia. Kisha msikiti ukataka kupigwa lipu upya, na chokaa ya Lamu ilikuwa ghali. Ami yule yule wa matusi akamwita Shekhan, mimi nikiwapo.

"Fundi uko nasi, kisha twende Lamu tukanunue chokaa? Hii ni kazi ya Mngu. Na yeo ukianza, kesho mui mzima wa Faza utanunua kwako."

"Ami, na kifua cha Khairiya?" nikauliza.

"Huu ni moshi wa msikiti, Batuli. Hautamdhuru."

Nilimtazama Shekhan nikingoja akatae. Akauliza mawe yatashushwa wapi. Najua, si rahisi kumkatalia baba mkwe, tena kwa jambo la msikiti, nawe unakula kwake. Lakini nilikasirika, na mpaka sasa nina hasira naye, na kwa Ami ni kubwa zaidi. Tanuri wakalijenga ufuoni nyuma ya nyumba zetu, kwa kuwa mawe na kuni vilishushwa pale na hakuna aliyetaka kuvibeba mbali. Walisema upepo utaupeleka moshi baharini.

Siku ya kuwasha, Khairiya alisimama mlangoni, ncha ya leso puani, akimtazama mumewe akitia moto. Moshi uligeuka ukaja kwetu. Alianza kukohoa kile kikohozi cha Wiyoni. Nikamwambia afungashe nguo zake, nitampeleka popote anapotaka.

"Wapi, Batuli?" akaniuliza. "Nilipokuwa Wiyoni nalikimbilia kwetu. Na kwetu ndiko huku."