Kiti cha Kuinukia

Sebuleni kwa mama yangu, upande wa Kimulot, kuna makochi mazito ya kuzamia aliyoyanunua kwa bonasi ya majani chai, mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri. Kwa muda mrefu yalikuwa fahari yake. Kisha magoti yakaanza kumsaliti, na makochi yale yale yakawa mtego. Kuketi aliweza, kuinuka kulihitaji watu wawili, mmoja kila kwapa.

"Nanyanyuliwa kama gunia la majani," alisema siku moja wageni walipoondoka, na hakucheka.

Tangu siku hiyo aliwapokea wageni akiwa amesimama jikoni, ameegemea meza, akisingizia kazi. Ndipo familia fulani ilipoomba kuja kumposa binti ya kaka yangu. Mama, akiwa nyanya wa nyumba, ndiye angewakaribisha na kuwabariki. Mama akatangaza sharti lake: angeinuka mwenyewe mbele yao, bila mkono wa mtu, ama angeshinda chumbani mpaka waende zao. Namjua mama yangu. Angeshinda chumbani.

Wakati huo nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja katika kikundi chetu cha useremala. Tunakutana Jumamosi alasiri katika ghala kuukuu la viazi, watu kama tisa, wengi wetu tukiwa na kazi nyingine za kutulisha. Tumetengeneza mizinga ya nyuki kwa majirani wanaopakana na msitu, na benchi refu la kituo cha kuuzia majani, ambapo zamani akina mama walingoja lori wakiwa wamechuchumaa. Nilijiunga kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Nina digrii, nina ofisi, nimeandika ripoti nyingi. Lakini katika umri wa miaka arobaini na saba sikuwa nimewahi kutengeneza kitu ambacho mtu angeweza kujigonga nacho gizani.

Anayetufundisha ni fundi mstaafu aliyekuja kutoka Kisii akiwa kijana, akafanya kazi ya useremala kwenye mashamba makubwa ya chai mpaka mvi zikamjaa. Nilipomwonyesha mchoro wa kiti cha mama, wenye vipimo na pembe nilizozikokotoa mwenyewe, aliutazama kwa heshima, akaukunja, akanirudishia.

"Ni mzuri, profesa," akasema. "Lakini karatasi haikaliwi. Chukua randa."

Nilichukua randa. Kwa Jumamosi tano nilipiga randa mbao za grevilia, nikachimba matundu kwa patasi, nikachonga ndimi za kuingia humo. Nilipaka gundi, nikasugua kwa msasa mpaka mikono ya kiti ikawa laini kama shavu la mtoto. Sijui furaha nyingine inayofanana na ile ya ulimi wa mbao kuingia katika tundu lake kwa kugongwa mara mbili tu, ukakataa kutoka.

Kikundi chetu kina desturi moja isiyovunjwa. Kitu chochote cha kukalia hakitoki ghalani kabla hakijapimwa na mwanachama wetu mwenye duka la misumari na mbao pale senta, mama mwenye mwili, mzaliwa wa Nyeri. Anakaa, anapewa kikombe kikubwa cha chai, na lazima aimalize bila haraka huku akijitikisa. Siku ya kiti changu aliketi kama gavana.

"Kikivunjika," akatuonya, "nyinyi wote mtanibeba mpaka kwangu. Na mimi sibebwi na wanne."

"Tutakodi trekta," fundi akamjibu.

Kiti hakikulia hata kidogo. Alimaliza chai, akaomba nyingine. Nilikipeleka nyumbani kimefungwa nyuma ya pikipiki, nami nikifuata kwa pikipiki ya pili, nikikitazama njia nzima kama mzazi anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza.

Mama alikipapasa, akakisifu, akaketi. Miguu yake ikaning'inia. Vidole vyake vya miguu viliitafuta sakafu, vikaigusa kidogo tu, vikaikosa. Alijaribu kuinuka, lakini hapakuwa na pa kukanyaga. Aliteleza kuelekea mbele, nikamdaka.

"Umenitengenezea kiti cha askofu?" akauliza. Kisha akanitazama kwa makini. "Wewe mtoto wa kusoma. Ulinipimia wapi?"

Nikakumbuka, na uso ukanichoma. Nilimpimia shambani, kwa sababu huko ndiko nilikomkuta. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, kati ya mistari ya chai, amevaa gambuti na soksi mbili kwa ajili ya baridi. Na shamba letu, kama mashamba yote ya huku, limelala kwenye mteremko: kreti ilikuwa juu, miguu ilikuwa bondeni. Nilikuwa nimepima kwa uangalifu mkubwa urefu wa mama yangu, wa viatu vyake na wa mlima.

Zilibaki siku tisa wageni waje. Jumamosi iliyofuata nilikiri mbele ya kikundi. Mama wa duka alicheka mpaka akalishika benchi la kazi.

"Kwa hivyo kiti ni sawa," akasema. "Nyumba ndiyo inatakiwa kuinama!"

Nilishika msumeno niende nikaikate miguu hiyo kwa kukisia na yaishe. Fundi akaninyang'anya.

"Usikate mguu wa kiti ambacho mwenyewe hayupo. Tunaenda kwake. Na kwanza tutainua sakafu."

Sikuelewa mpaka tulipofika, mimi, fundi na mama wa duka, na mfuko wa mabaki ya plaiwudi. Fundi alimwamkia mama, akaomba ruhusa, akapiga magoti mbele yake na kuweka kipande kimoja chini ya miguu yake.

"Jaribu, mama."

Mama akajaribu. Wapi. Fundi akaongeza cha pili. Mama akainuka nusu, akarudi kwa kishindo. Fundi akaongeza cha tatu. Mama akakanyaga, akaishika mikono ya kiti, akavuta pumzi, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Alisimama katikati ya sebule yake akitutazama mmoja mmoja, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumefika kutoka mbali.

"Kongoi," akasema taratibu. Asante. Kisha, "Ngoja nirudie."

Alirudia mara nne. Fundi aliweka kipande cha nne ili tuwe na hakika. Kwa hicho magoti yalipanda mno, akashindwa. Basi tukakiondoa, tukavirundika vile vitatu kando ya kila mguu wa kiti, nikachora mstari wa penseli mguuni usawa wa kimo cha rundo, na safari hii nikapewa msumeno. Mguu wa kwanza niliukata polepole, nikisimama kila mara kuutazama mstari. Kufikia wa nne nilikuwa nikiimba. Mama wa duka alidai apime upya, na chai ikachemshwa.

Siku ya wageni, kiti kiliwekwa mkabala na mlango. Baba wa kijana alipoingia na wazee wake, kaka yangu alimnyooshea mama mkono, kwa mazoea. Mama aliupiga kofi dogo, akashika kiti, akainuka. Akawaombea baraka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili. Wageni, kwa heshima, walibaki wamesimama mpaka alipoketi.

Hilo ndilo lililowaponza. Kila aliyeingia, mama aliinuka kumpokea, nao wakainuka. Shangazi, wakainuka. Mwimbaji wa kanisa, wakainuka. Msichana aliyeleta maji ya kunawa, wakainuka. Kaka yangu alikuwa ameficha uso kwenye leso, mabega yakimcheza. Hatimaye baba wa kijana, mtu mzima mwenye magoti yake pia, akauliza kwa unyenyekevu mkubwa:

"Mama, sasa tunaweza kukaa?"

"Bado," mama akasema, akichungulia nje ya mlango, amenyooka wima. "Kuna mmoja yuko huko anafunga gari."